Kitufe cha Kijani na Dirisha Jeusi

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya mlango wa fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Inchi, kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni. Watu wanasema hata akioga anao, mimi sijaona. Kulia kwake kuna meza ya Mama Chaja, anayechaji simu za watu na kuuza vioo na kava. Kushoto hukaa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, mguu wake wa kulia umenyooka mbele kama unaotafuta pedali. Katikati, kwa haki aliyojipa mwenyewe, hukaa Profesa. Alifagia maabara ya shule kwa muda mrefu, na tangu atoke huko hakuna jambo duniani lisilo na maelezo yake. Mimi ndiye ninayemimina kahawa. Mama anaichemsha nyumbani, mimi naileta kwa birika kila alasiri, tangu baba alipougua na masomo yangu yakakatikia njiani. Silalamiki. Ubaoni pale nimesikia mambo ambayo darasani yasingetajwa kamwe, ingawa mengi si ya kweli.

Siku ninayoisimulia alikuwepo pia Kaka. Kaka yangu anaunda programu za simu. Alikuwa ameipakata kompyuta yake magotini, waya wa umeme ukitoka mezani kwa Mama Chaja, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama shati lililolaliwa. Hakuja kupiga soga. Alikuja kwa ajili ya Mzee Inchi.

Inabidi nieleze kwanza. Macho ya Mzee Inchi yanamwishia. Mwanga anauona, mtu akisimama mlangoni anamwona, lakini maandishi hayaoni tena. Kupima hakumsumbui: utepe wake ameushonea kifundo cha uzi kwenye kila inchi, na vidole vyake vinahesabu upesi kuliko macho yangu. Kilichomsumbua ni kukumbuka vipimo vya watu wote hao. Ndipo Kaka akamtengenezea programu. Mzee akishampima mtu anaitamkia simu, simu inahifadhi, na siku ya kukata kitambaa anaigusa tu, nayo inamsomea huku mikono yake ikiwa kwenye mkasi. Sauti inayosoma ni yangu. Kaka alinikalisha chumbani nikataja bega, kifua, kiuno na namba zote mpaka koo likanikauka.

Sasa simu ile ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo za pasi. Vipimo vilipona, kwa kuwa vilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, lakini simu yenyewe ilikufa. Ikanunuliwa mpya, na hiyo mpya ikaikataa programu. Na ndani ya kadi mlikuwa na vipimo vya manesi wa wodi mpya ya hospitali, kazi kubwa kuliko zote alizopata tangu macho yaanze kuzimika. Bila programu, kadi ilikuwa bubu.

Mzee Inchi: Binti yangu anakuja leo jioni. Kaniambia, baba, kama utepe huuoni, tuuze cherehani uje ukae kwangu upumzike. Nikamwambia jibu nitakupa ukifika. Jibu lenyewe limo humu kwenye simu.

Breki: Si uwaite hao manesi uwapime upya?

Mzee Inchi: Niwaite niwaambie nini? Kwamba fundi wenu haoni? Wakijua tu, kitambaa chao watakifuata asubuhi na mapema.

Breki: Waambie umepoteza simu.

Mzee Inchi: Fundi anapima kwa mkono na kukumbuka kwa kichwa, bwana. Simu inaingiaje hapo? Watauliza, na mimi kusema uongo sijui, nachekacheka.

Hapo kila mtu aliinamia kikombe chake. Nilimwongezea Mzee, akapapasa kikombe kwanza kujua kama kimejaa, kisha akakiacha mezani bila kunywa. Alikuwa ameshika mkasi wake mkubwa mapajani, ameufunga, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Mama Chaja: Hebu nieleze na mimi, mwanangu. Shida iko wapi? Simu nimeikagua, nzima. Betri ya kwake mwenyewe, si ya kupachika.

Kaka: Shida si simu, mama. Programu huwa tunaiunda kwa kifurushi cha zana. Kila kizazi cha simu kina kifurushi chake. Hii ya Mzee niliiunda kwa kifurushi cha zamani, na simu mpya hazikitaki tena. Kwa hiyo nimeleta kifurushi kipya. Vyote viwili vimo humu ndani.

Breki: Yaani una masanduku mawili ya spana.

Kaka: Ndiyo hivyo.

Breki: Basi lile la zamani si ulitupe?

Kaka: Siwezi, mzee wangu. Kuna programu ya kampuni ya maji, ile watu wanayotumia kuripoti bomba likipasuka. Nayo iko kwenye kompyuta hii hii, na inajengwa kwa kile cha zamani. Nikikifuta, kesho kazini sina pa kuweka uso.

Profesa: Nyumba moja, majiko mawili.

Kaka: Na wapishi wawili. Ninazo njia mbili za kuiamuru hii kompyuta. Kuna hili dirisha jeusi, ninaandika amri kwa maneno. Na kuna hili jeupe, ninapoandikia programu yenyewe, lina kitufe cha kijani. Nikikibonyeza, programu inajengwa na kwenda kwenye simu.

Kijiwe kizima kililipenda dirisha jeusi. Kaka alipolifungua, maandishi meupe yakaanza kuteremka kama mvua kwenye kioo, na Profesa akaishusha miwani yake kutoka kwenye paji la uso, jambo ambalo hulifanya mara chache sana. Walikuwa wakimwambia Kaka, "Hiyo ndiyo kompyuta, hicho kitufe ni cha watoto." Kwa hiyo Kaka, ambaye ni mtu wa kupenda kuwafurahisha watu, mipango yote alikuwa akiifanya kwenye dirisha jeusi mbele yao. Akaandika pale, kwa herufi zinazoteremka, kwamba kuanzia sasa tumia kifurushi kipya. Watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kikombe, akarudi kwenye dirisha jeupe akabonyeza kitufe cha kijani.

Mstari mwembamba ulitambaa kwenye kioo. Mzee Inchi aliishika simu kwa mikono yote miwili. Simu ikalia.

Mzee Inchi: Imesemaje?

Mimi nikamsomea. Ilisema programu hii imeundwa kwa simu za zamani, haiwezi kufunguliwa hapa.

Kaka: Tena! Lakini nimeiambia!

Breki: Tulia, kijana. Mimi nimeendesha malori tangu hujazaliwa. Chombo kikiwa kimechoka hakisikii. Izime. Ipoe. Ukiiwasha itakuwa na akili mpya.

Kaka akaizima. Tukasubiri. Breki akaugusa mgongo wa kompyuta kwa kiganja, kama anayegusa rejeta, akasema bado, kisha akasema tayari. Kaka akaiwasha, akaandika tena kwenye dirisha jeusi, akabonyeza tena kitufe cha kijani. Simu ikakataa vile vile, na maneno yale yale.

Breki: Basi ni gia.

Mama Chaja: Gia gani, wewe! Hapa ni wivu tu. Umemleta mke mdogo ndani, mkubwa yupo, hujamwaga wala hujamwambia kitu. Unategemea nini? Kila ukimwita mdogo, mkubwa anatangulia mlangoni.

Breki: Mama, hivi ni vyuma.

Mama Chaja: Vyuma ndivyo vina wivu kuliko watu. Weka chaja mbili kwenye soketi moja uone.

Profesa: Mnakosea wote. Suala hili ni la kisayansi. Kifurushi hiki kipya kimetoka wapi?

Kaka: Nimekishusha kutoka mtandaoni.

Profesa: Mtandaoni wapi? Kuna mahali kimetengenezwa. Na huko kilikotengenezwa, sasa hivi ni saa ngapi?

Kaka: Sijui. Usiku, labda.

Profesa: Ahaa! Kimelala!

Breki: Profesa, acha hizo.

Profesa: Kimelala, nakwambia. Kule maabara tulikuwa na mizani iliyoletwa kutoka nje. Asubuhi inapima vizuri, jioni inasinzia. Mwalimu alidhani ni vumbi. Mimi niliyekuwa nafagia nilijua.

Mama Chaja: Na kama ni vumbi, aliyekuwa anafagia si ni wewe?

Watu walicheka, hata Mzee Inchi kidogo. Lakini Kaka hakucheka. Alikuwa akiangalia kivuli cha paa, ambacho kilikuwa kimeshavuka matofali na kuanza kupanda miguuni kwetu. Mzee hakukiona kivuli, ila alihisi jua limemtoka magotini, nalo ndilo saa yake.

Mzee Inchi: Umejaribu vya kutosha, mwanangu. Usijiumize.

Kaka: Bado, mzee.

Mzee Inchi: Nimeshona sana. Nimewashonea watu mpaka nikashonea watoto wao. Mtu akiambiwa apumzike si tusi.

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyoniuma. Angelalamika ningeweza kumfariji. Nilijifanya naosha vikombe.

Profesa: Lipo na jambo jingine, ila sikutaka kulisema mbele ya Mzee.

Breki: Sema tu, tangu lini ukaficha?

Profesa: Simu za siku hizi zina kamera mbele. Zinamtazama mwenyewe. Hii imemtazama Mzee, ikaona mvi, ikaona utepe shingoni, ikaamua huyu ni mtu wa zamani. Kwa hiyo kila kinachokuja kwa jina lake inasema ni cha zamani. Suluhisho ni kuishikisha kijana.

Mama Chaja: Mpe Breki asiye na mvi.

Breki: Mimi ni upara, si ujana.

Hata hivyo, nasikitika kusema, walijaribu. Simu ikaletwa kwangu mimi niliye mdogo kuliko wote, nikatakiwa niitabasamie. Niliitabasamia kwa moyo wangu wote, maana ingekuwa kweli ningeshukuru. Kaka akabonyeza kitufe cha kijani. Ikakataa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kuwa mabaya.

Mama Chaja: Mimi nimesema tangu mwanzo. Mfukuze mke mkubwa. Kikibaki kimoja, hakutakuwa na kubishana.

Breki: Kwa hilo niko na Mama. Ukiwa na spana moja huchukui isiyofaa.

Profesa: Kisayansi, naunga mkono.

Mama Chaja: Tatu kwa sifuri. Futa!

Kaka: Na kampuni ya maji?

Breki: Maji yamekuwepo kabla ya kampuni.

Kaka alifungua mahali kifurushi cha zamani kilipokuwa. Nilimjua Kaka: alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali ushauri wa mtu yeyote anayeongea kwa sauti kubwa. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, kwa kuwa kikifutwa hakirudi. Kidole chake kikabaki hewani. Kijiwe kikawa kinasema, "Futa, futa," kwa sauti ya chini, kama mashabiki wanaosubiri penalti.

Mzee Inchi: Hapana. Usipoteze kazi yako kwa ajili ya yangu.

Kaka: Nitaelewana nao, mzee.

— Samahani, hapa ni kwa fundi?

Tuligeuka wote. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mwisho wa ubao, mkoba begani, viatu vyake vya raba vimejaa vumbi la njiani. Hakuna aliyemfahamu. Mzee Inchi aliinua kichwa upande wa sauti, akakiinamisha kidogo kama anayeisaka mahali alipoisikia.

Mama Chaja: Ni hapa, dada, ila subiri kidogo. Kuna mtu anafukuzwa nyumbani.

Mama Chaja akamsogezea nafasi, akamwahidi kahawa, akaketi. Kwa kuwa kijiwe hakijui kukaa na mgeni bila kumhutubia, walimweleza yote kwa pamoja: masanduku mawili ya spana, mke mkubwa, usingizi wa ng'ambo, kamera inayochukia mvi. Waliruka jambo moja tu, macho ya Mzee. Hilo hata Profesa alilimeza. Yule dada alisikiliza bila kuwakatiza, kisha akamgeukia Kaka.

Mgeni: Na ulipobonyeza hicho kitufe, ni kipi kilichoitikia?

Kaka: Kipya.

Mgeni: Umejuaje?

Kaka: Nimekiambia.

Mgeni: Umekiambia. Umekiuliza?

Nilimwangalia Kaka, Kaka akamwangalia Breki, Breki akamwangalia Profesa, na Profesa akairudisha miwani yake kwenye paji la uso.

Mgeni: Maana sisi kule wodini tunakatazwa. Humwendei mgonjwa na kidonge ukamwambia, wewe ndiye fulani, sivyo? Mgonjwa aliyechoka ataitikia jina lolote. Unamwuliza, jina lako nani? Unanyamaza, analitaja mwenyewe. Hata kama umemhudumia mwezi mzima.

Alipotamka "wodini", niliona mkono wa Mzee Inchi ukikaza juu ya mkasi. Nami nikamtambua mgeni wetu. Alikuwa mmoja wa manesi. Amekaa ubaoni kwetu, mbele ya simu isiyosoma, na mzee asiyeona. Nilitamani kumwaga kahawa ili watu waangalie kwingine.

Lakini Kaka hakuona hayo. Alikuwa amekwisha kuondoa kidole kwenye kufuta, amelirudia dirisha jeusi, anaandika. Safari hii hakuandika amri. Aliandika swali: unatumia kifurushi kipi?

Kaka: Linasema kipya. Mnaona? Kipya.

Mgeni: Na huyo mwenye kitufe?

Kaka: Ni kompyuta hiyo hiyo, dada yangu.

Mgeni: Wagonjwa nao wako hospitali hiyo hiyo.

Kaka alifungua mipangilio ya dirisha jeupe, ukurasa baada ya ukurasa. Akasimama. Akausogeza uso wake karibu na kioo, halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima huku ameziweka mfukoni.

Kaka: Cha zamani! Dirisha jeupe lina maagizo yake lenyewe, linatumia kifurushi cha zamani tangu siku ya kwanza. Nimekuwa nikimwagiza mmoja na kumtuma mwingine!

Breki: Tangu mchana?

Kaka: Tangu juzi!

Mama Chaja: Kwa hiyo nilikuwa sawa, mke mkubwa alikuwa akitangulia mlangoni.

Kaka: Ulikuwa sawa, mama, ila dawa yako ilikuwa inaua.

Mama Chaja aliichukua ile nusu ya kwanza kama sifa na hiyo nusu ya pili hakuisikia.

Kaka hakufuta kitu. Alichofanya ni kidogo hata kijiwe kiliona ametuibia tamasha. Ndani ya folda ya programu ya Mzee aliandika kwamba kazi hii inatumia kifurushi kipya. Ndani ya ile ya kampuni ya maji akaandika kwamba ile inatumia cha zamani. Akaelekeza madirisha yote mawili yawe yanasoma hapo kwanza, kabla ya kushika zana yoyote. Basi. Kisha, kwa kuwa alikuwa amejifunza, aliliuliza jeusi, likajibu kipya. Akaliuliza jeupe, likajibu kipya. Akahamia folda ya kampuni ya maji, akayauliza tena, yote mawili yakajibu cha zamani.

Breki: Yaani kila gari na spana zake ndani ya buti.

Kaka: Hivyo hivyo, mzee wangu.

Breki: Si ndicho nilichosema?

Hakuna aliyekumbuka Breki akisema hivyo, lakini hakuna aliyetaka ugomvi. Kaka alirudi kwenye programu ya Mzee, akabonyeza kitufe cha kijani. Mstari ukatambaa. Mzee Inchi aliishika simu kama mtu anayeshika yai. Hata Profesa hakuwa na nadharia.

Simu ikalia, na safari hii haikukataa. Mzee akaigusa. Nikajisikia mimi mwenyewe nikisema, kwa sauti ya polepole na ya adabu, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa:

— Nesi wa kwanza. Bega, kumi na tano na nusu. Kifua, thelathini na nane. Mkono, mrefu kuliko wa kawaida, ongeza inchi moja.

Maneno ya mwisho yalikuwa ya Mzee mwenyewe. Sauti yangu inajua majina ya vipimo na namba tu, mengine anayaongeza kwa sauti yake. Sauti mbili, yangu na yake, zikifuatana ndani ya simu moja. Sijui kwa nini nilitaka kulia wakati mambo yalikuwa yameshakuwa mazuri.

Mgeni: Huyo ni mimi. Mimi ndiye mwenye mikono mirefu.

Mzee Inchi aliizima simu upesi, lakini lililosikika limeshasikika.

Mzee Inchi: Nesi. Sauti yako nilihisi naijua. Umekuja kukichukua kitambaa?

Mgeni: Nimekuja kukwambia uniongezee mfuko wa kalamu. Kwa nini nichukue kitambaa?

Mzee Inchi: Umeona sasa. Simu ndiyo inayonisomea. Mimi macho sina.

Mgeni: Hilo tunalijua, mzee.

Mzee Inchi: Mnalijua?

Mgeni: Siku ile ulipotupima, ulitupima wote ukiwa umetazama ukutani. Sisi ni manesi, mzee. Mtu haoni tusijue? Tulitoka pale tukasema, huyu ndiye fundi. Yule wa kabla yako alikuwa na macho mazima, na alikuwa akiyatumia kupita kiasi.

Mama Chaja alicheka mpaka akashika meza, simu za watu zikagongana. Breki akapiga goti lake. Mzee Inchi hakucheka mara moja. Alikaa akiupitisha utepe vidoleni, kifundo baada ya kifundo, na niliona mabega yake yakishuka polepole, kama yaliyokuwa yamening'inizwa kwenye hanga tangu siku simu ilipoingia kwenye ndoo. Kisha akacheka naye, kicheko cha chini, kirefu, kilichokuwa kikijirudia kila tulipodhani kimekwisha.

Mzee Inchi: Na mimi nilikuwa najibana nisigeuke, msije mkayaona macho yangu!

Mgeni: Tuliona.

Mzee Inchi: Upande gani?

Mgeni: Upande gani nini?

Mzee Inchi: Mfuko wa kalamu.

Mgeni: Kushoto, mzee.

Aliinuka, akaingia ndani kwake bila kupapasa mlango. Kaka akaegemea ukuta, akafumba macho, kompyuta imefungwa juu ya magoti yake. Nilimwona jinsi alivyo kijana bado. Profesa akaanza kumweleza Breki kwamba, kisayansi, dirisha jeupe lilikuwa limepofuka na dirisha jeusi likawa kiziwi, na Breki akakubali, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mgeni: Samahani jamani. Mama hapa aliniambia kuna kahawa. Yangu iko wapi?

Nikainua birika. Lilikuwa jepesi. Nikaliinamisha, likatoa tone moja, na tone lenyewe lilikuwa masimbi, mashapo matupu ya kahawa. Watu wakaangaliana. Breki alikuwa na kikombe mkono huu na kikombe mkono ule. Profesa alificha chake chini ya gazeti. Mtu aliyetuokoa sote alikuwa amekaa kavu tangu afike.

Niliona aibu kwa niaba ya kijiwe kizima. Nikalinyakua birika nikakimbia nyumbani. Nyuma yangu nikasikia Mzee akiikanyaga cherehani, anajaribu uzi kwenye kipande cha kitambaa: trrr, kimya, trrr ndefu.

Kwenye kona nilimkuta binti yake. Alikuwa amekuja na mtu wa mkokoteni, na kamba za kufungia mzigo zilikuwa tayari begani kwa yule mtu. Lakini walikuwa wamesimama. Binti ameinua kidole, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, kama anavyofanya baba yake.

— Ni baba huyo?
— Ni yeye, dada.
— Anashona nini?
— Sare za manesi. Na mfuko wa kalamu, kushoto.

Alisikiliza tena. Trrr. Kisha akashusha pumzi ndefu, akamgeukia mtu wa mkokoteni.

— Basi, kaka, tumekusumbua bure. Hakuna mzigo. Njoo angalau unywe kahawa.

— Imekwisha, nikamwambia, nikiwa nimeshaanza kukimbia tena. Lakini kaeni, nakwenda kuchemsha nyingine.